Mtakatifu Augustino na Nyota ya Umaarufu

Wahenga wetu walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Kwa methali hiyo walitaka kutufundisha kuwa dalili za jambo jema hujitokeza mapema. Hata hivyo, wapo miongoni mwetu wanaoishika nyota hiyo kana kwamba ni kanuni ya imani. Kijana akikosa kazi, mwimbaji akikosa wasikilizaji, au mfanyabiashara akikimbiwa na wateja, huambiwa kwamba nyota yake imefifia au imefunikwa, na kwamba yuko mtaalamu awezaye kuisafisha kwa malipo. Wengine hawafiki kwa mtaalamu huyo, lakini kila asubuhi husoma utabiri wa nyota gazetini au kwenye simu kabla hawajasali.

Kila tarehe 28 Agosti, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa, mwana wa Afrika ya Kaskazini. Wengi tunamfahamu kama mtoto wa machozi ya Mtakatifu Monika. Wachache tunakumbuka kwamba katika ujana wake alivisoma vitabu vya wanajimu kwa bidii, akiwa na kiu kubwa ya kupata jina. Maisha yake yana neno kwa kila anayejiuliza kama heshima yake iliandikwa angani siku alipozaliwa.

Mtoto wa Thagaste

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa diwani wa mji, mwenye mali ya wastani na asiye Mkristo; alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. Mama yake, Monika, alikuwa mwamini wa sala nyingi. Wazazi hawa walitofautiana katika imani, lakini walikubaliana katika jambo moja: mtoto wao alikuwa na akili kali, na elimu ingemfikisha mbali.

Alisoma kwanza nyumbani, kisha katika mji jirani wa Madaura. Alipofika umri wa miaka kumi na sita, masomo yalisimama kwa mwaka mzima, kwa sababu baba yake alikuwa bado akitafuta fedha za kumpeleka Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi. Hatimaye alikwenda, na baada ya Patricius kufariki, tajiri mmoja wa Thagaste aitwaye Romanianus aliendelea kumsaidia. Tulikumbuke jina hilo, maana tutalirudia.

Huko Karthago alisomea balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha na kuwashawishi watu. Katika dola ya Kirumi sanaa hiyo ilikuwa ngazi ya kupandia. Aliyeweza kuhutubia vizuri angeweza kuwa wakili mashuhuri, mwalimu wa watoto wa wakubwa, hata mkuu wa mkoa. Augustino aliijua ngazi hiyo na akataka kufika juu kabisa. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika akiwa tayari askofu, anakiri bila kujificha kwamba sifa za watu zilimvuta.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alisoma kitabu cha Cicero kilichomwamshia hamu ya hekima. Alijaribu kuyasoma Maandiko Matakatifu, lakini lugha yake ilionekana duni machoni pake. Akajiunga na Wamanikeo, wafuasi wa Mani, waliodai kuieleza dunia yote kwa vita vya nuru na giza. Alikaa nao kwa muda wa miaka tisa hivi, na ni katika miaka hiyohiyo alipowaendea pia wanajimu.

Nukta nne za anga

Ili tuelewe kilichomvuta, yafaa tujue wanajimu wa wakati ule walifanya nini. Watu waliwaita wanahisabati, kwa kuwa walitumia hesabu nyingi. Mtu alipotaka kusomewa maisha yake, waliuliza siku na saa ya kuzaliwa kwake, kisha wakachora ramani ya anga ya saa ile. Ramani hiyo ilikuwa duara lenye nyuzi 360, lililogawanywa katika buruji kumi na mbili. Ndani yake waliweka mahali pa Jua, Mwezi, na sayari tano walizozijua: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Juu ya hayo walitafuta nukta nne walizoziona kuwa na nguvu kuliko nyingine. Ya kwanza ni nukta inayochomoza upande wa mashariki wakati mtoto anapozaliwa. Ya pili ni kilele cha anga, ya tatu ni nukta inayozama magharibi, na ya nne iko chini kabisa, mkabala na kilele. Katika nukta ya mawio walisoma mwili na maisha ya mtu. Katika kilele walisoma kazi, vyeo, heshima na umaarufu wake. Jua au Mshtarii ikiwa karibu na kilele, mteja alitarajia kuambiwa habari njema za ukuu.

Nukta hizi husogea upesi. Anga huonekana kuizunguka dunia mara moja kwa siku, hivyo uzi mmoja hupita kila baada ya dakika nne hivi. Kwa hesabu hiyo, umaarufu wa mtu ulitundikwa juu ya dakika chache, katika zama ambazo watu walipima muda kwa kivuli cha jua na kwa maji yanayodondoka.

Elimu hii haikuwa ya mafukara wala wajinga tu. Katika miaka ya 330, mwanasheria wa Sicilia aitwaye Firmicus Maternus aliandika kwa Kilatini vitabu vinane juu yake na kumtunukia ofisa mkubwa wa serikali. Baadaye Firmicus huyohuyo aliongoka na kuandika kitabu cha Kikristo cha kupinga dini za kipagani. Msomi aliweza kupotelea humo, na msomi aliweza kutoka.

Taji la mshairi

Siku moja Augustino alijiandikisha katika mashindano ya ushairi. Mganga mmoja akamtumia ujumbe, akiuliza angelipwa kiasi gani ili amhakikishie ushindi kwa kuchinja wanyama na kuwaomba pepo. Augustino alimkatalia kwa ukali. Alijibu kwamba hata kama taji lingekuwa la dhahabu isiyoharibika, asingekubali nzi mmoja auawe kwa ajili yake.

Hata hivyo, kijana huyo aliyemfukuza mganga aliendelea kuwaendea wanajimu bila wasiwasi. Sababu yake ilikuwa kwamba wao hawakuchinja wala kuomba pepo; walitazama anga na kupiga hesabu tu. Wangapi kati yetu hufikiri hivyo? Mtu huona aibu kuingia kwa mganga, lakini haoni tatizo kusoma nyota zake, kwa kuwa jambo hilo lina sura ya elimu.

Augustino alishinda mashindano. Aliyemvika taji alikuwa liwali wa Afrika, Vindicianus, mzee mwenye busara na tabibu stadi. Wakawa marafiki. Vindicianus alipogundua kwamba kijana huyu anasoma vitabu vya unajimu, alimsihi kama baba amsihivyo mwanawe avitupe. Yeye mwenyewe, katika ujana wake, alikuwa amejifunza unajimu akitaka uwe kazi yake ya kumpatia riziki. Aliuacha na kushika utabibu kwa sababu moja: aliuona kuwa ni uongo, na kama mtu mwaminifu hakutaka kula kwa kuwadanganya watu.

Augustino alimuuliza ni kwa nini, basi, mara nyingi utabiri hutokea kuwa kweli. Mzee alimjibu kwamba ni kwa bahati tu, kama mtu anavyoweza kufungua kitabu cha mshairi bila mpango na kukuta mstari unaolingana na shida yake, ingawa mshairi hakuwa akimfikiria kamwe. Rafiki yake kipenzi, Nebridius, naye aliucheka unajimu wote. Lakini Augustino hakushawishika. Alitaka ushahidi usioacha nafasi ya shaka.

Baadaye aliyatazama maisha yake na kuona kwamba tatizo halikuwa la akili peke yake. Unajimu ulimpa faraja ya hatari. Kama Zuhura ndiyo iliyomfanya mtu azini, na kama Mirihi au Zohali ndiyo iliyomfanya aue, basi mtu mwenyewe hana kosa. Mwenye kosa ni yule aliyeziumba na kuzipanga nyota. Hivyo mtu husafishwa na kila dhambi, na Mungu hushtakiwa. Wamanikeo nao walimwambia jambo lililofanana na hilo, kwamba si yeye atendaye dhambi bali ni asili nyingine ndani yake. Augustino alisikiliza pande zote mbili kwa sababu zote mbili zilimwondolea kazi ya kutubu.

Mhubiri wa sifa na mwombaji mlevi

Mwaka 383 Augustino aliondoka Afrika kwenda Roma, na mwaka uliofuata akapata nafasi iliyotamaniwa na wengi: mwalimu wa balagha katika Milano, mji alimokaa Kaisari kijana Valentinianus wa Pili. Kwa kipimo cha dunia, mtoto wa diwani wa Thagaste alikuwa amekaribia kilele cha anga yake.

Siku moja, akiwa amejaa hofu kwa sababu ya hotuba ya kumsifu Kaisari, alipita katika mtaa wa Milano pamoja na rafiki zake. Alijua kwamba hotuba ile ingekuwa na uongo mwingi, na kwamba wangempongeza watu waliojua kuwa anasema uongo. Hapo akamwona mwombaji maskini, aliyelewa kwa fedha kidogo alizopewa, akicheka na kutania. Augustino akaugua moyoni. Mwombaji yule kwa senti chache alikuwa amepata furaha, hata kama ni ya kupita na ya ulevi, ilhali yeye kwa usomi wake wote na jina lake lote hakuwa na furaha yoyote. Ulevi wa mwombaji ungekwisha usiku uleule, lakini yeye alilala na ulevi wa sifa na kuamka nao kila siku.

Tayari wakati huo alikuwa ameanza kuwaacha Wamanikeo. Mwalimu wao mashuhuri, Faustus, alishindwa kujibu maswali yake. Augustino alilinganisha mafundisho yao na elimu ya kweli ya anga, ya wale waliotabiri kupatwa kwa Jua na Mwezi miaka mingi kabla, siku na saa, na ikawa kama walivyosema. Tofauti hiyo aliikumbuka daima. Kuchunguza mwendo wa nyota ni kazi njema ya akili aliyotupa Mungu. Kudai kwamba nyota hizo humpa mtu cheo au kumnyima ni jambo jingine kabisa.

Watoto wawili wa saa moja

Ushahidi alioutafuta ulimfikia kupitia mtu aliyeupenda unajimu. Jina lake lilikuwa Firminus, kijana wa familia tajiri, mwenye elimu nzuri na matumaini makubwa ya kupanda vyeo. Alimwendea Augustino kama rafiki na kumwomba amsomee nyota zake, aone mambo yake ya mbele yangekwendaje. Augustino hakukataa kumweleza alichodhani, lakini aliongeza kuwa sasa anakaribia kuamini kwamba mambo haya ni upuuzi.

Ndipo Firminus akasimulia habari ya kuzaliwa kwake, bila kujua uzito wake. Baba yake alikuwa mpenzi mkubwa wa unajimu, na alikuwa na rafiki mwenye mapenzi hayohayo. Wawili hao waliandika hata saa walizozaliwa wanyama wa nyumbani kwao. Ikawa mke wa mmoja na mjakazi wa mwingine walipata mimba wakati mmoja. Wanaume hao wakahesabu siku, saa, na hata sehemu ndogo za saa. Utungu ulipoanza, walipatana kwamba kila nyumba itume mjumbe mara tu mtoto azaliwapo. Wanawake wote wawili walijifungua, wajumbe wakatoka, nao wakakutana njiani mahali palipo katikati kabisa ya nyumba hizo mbili. Hakuna aliyeweza kuona tofauti yoyote kati ya saa hizo. Ramani ya anga ikawa moja, mawio yaleyale na kilele kilekile.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Firminus. Alikua katika utajiri, akaongezewa mali na kuinuliwa kwa heshima. Mwingine alikuwa mtoto wa mjakazi. Firminus aliyemfahamu alishuhudia kwamba bado alikuwa akiwatumikia mabwana zake, na nira ya utumwa haikulegezwa hata kidogo.

Kwa Augustino mambo yalikwisha hapo. Alijiambia kwamba, ili amweleze Firminus ukweli kwa kutazama ramani ile, angelazimika kusoma humo familia bora, elimu na vyeo. Lakini kama mtumwa yule angemletea ramani hiyohiyo, ili amweleze ukweli angelazimika kusoma humo utumwa. Kama angewaambia wote wawili jambo moja, angekuwa mwongo kwa mmoja wao. Basi, anayesema kweli kwa kutazama nyota husema kwa bahati, wala si kwa elimu.

Ndugu msomaji, tusiipite habari hii upesi. Kitu kilichowatofautisha watoto wale wawili kilikuwa hapa chini duniani: mmoja alizaliwa na mke wa bwana, na mwingine na mjakazi. Sheria za wanadamu zilimfunga mmoja na kumwachilia mwingine. Kumwambia mtumwa yule kwamba nyota yake ni dhaifu kungekuwa kumsingizia Mungu kosa la wanadamu, na kumwondolea bwana wake kila lawama.

Esau, Yakobo na gurudumu la mfinyanzi

Augustino alilifuata wazo hilo hadi mwisho. Aliwaangalia mapacha, na kwanza Esau na Yakobo, waliotoka katika tumbo moja, mmoja akishika kisigino cha mwingine, lakini wakawa na maisha tofauti kabisa. Wanajimu walikuwa na jibu la zamani kwa hoja hii. Mrumi mmoja aitwaye Nigidius aliwahi kulizungusha gurudumu la mfinyanzi kwa kasi, akaligusa kwa wino mara mbili haraka haraka, na liliposimama alama zilionekana mbali moja na nyingine. Alitaka kuonyesha kwamba anga huzunguka kwa kasi vivyo hivyo, na muda mdogo kati ya pacha na pacha hubadilisha kila kitu.

Katika kitabu cha tano cha Mji wa Mungu, Augustino alijibu kwamba hoja hiyo ni dhaifu kuliko vyungu vinavyofinyangwa kwenye gurudumu hilo. Kama dakika moja tu hubadilisha nukta ya heshima, basi hakuna mnajimu awezaye kuipata, maana hakuna anayemletea saa kamili namna hiyo. Na kama dakika hiyo haibadilishi kitu, basi mapacha wote wangepaswa kuishi sawa.

Akataja pia mapacha aliowafahamu mwenyewe, kaka na dada. Kaka alikuwa na mke na watoto wengi, akashika utumishi mkubwa wa serikali uliomweka safarini karibu siku zote. Dada alikuwa bikira aliyejiweka wakfu kwa Mungu, wala hakuondoka kwao. Mmoja alijulikana mahali pengi, mwingine alijificha pamoja na Kristo. Kila mmoja alikuwa amechagua njia yake, na dada hakuwa mdogo mbele ya Mungu kwa kutojulikana na watu.

Huenda mtu akauliza kuhusu nyota ya Bethlehemu. Augustino aliulizwa juu yake pia, alipojibizana kwa maandishi na Wamanikeo. Alifundisha kwamba nyota ile haikutawala kuzaliwa kwa Kristo. Ilitokea kwa sababu Yeye amezaliwa, ikawaongoza Mamajusi kama mtumishi aliyetumwa kuwaonyesha njia.

Kuliacha jina na kulipata

Kuujua uongo wa nyota hakukumfanya mara moja kuwa Mkristo. Ilibaki minyororo mingine, ya tamaa za mwili na ya sifa. Mahubiri ya Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, yalimfungulia Maandiko. Mwaka 386, katika bustani ya nyumba alimoishi, baada ya kulia sana, alisoma maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi na moyo wake ukatulia. Akajiuzulu kiti chake cha ualimu, kiti alichokuwa amekitafuta kwa miaka yote hiyo. Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Mwaka huohuo Monika alifariki Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika. Miaka michache baadaye Adeodatus naye akafa, akiwa bado kijana.

Augustino alirudi Thagaste akitaka kuishi kwa sala na masomo pamoja na ndugu wachache. Aliiepuka miji isiyo na askofu, akiogopa kushikwa na kupewa daraja. Mwaka 391 alikwenda Hippo, ambako leo ni Annaba, akidhani yuko salama kwa kuwa askofu alikuwepo. Waamini walimtambua kanisani, wakamshika, wakamtaka apewe upadre. Alilia machozi. Baadhi ya waliokuwepo walidhani analia kwa sababu ni padre tu na si askofu, wakamfariji wakisema kwamba uaskofu nao hauko mbali. Yeye alikuwa akilia kwa uzito wa kazi ya kuchunga roho za watu. Miaka michache baadaye akawa askofu, na alibaki Hippo hadi kufa.

Huko alihubiri mara nyingi juu ya wanajimu, kwa maana waamini wake nao waliwaendea. Aliwachekesha kwa kuwaambia wamtazame mnajimu nyumbani kwake. Mteja wake akitenda dhambi, humwambia ni kazi ya Zuhura. Lakini akimwona mkewe mwenyewe akichungulia dirishani bila adabu, humkaripia na kumpiga, wala hakubali akiambiwa ampige Zuhura. Kumbe nyumbani kwake anajua vema kwamba mtu huwajibika kwa matendo yake.

Lakini hakuwacheka bila huruma. Mwishoni mwa mahubiri yake juu ya Zaburi ya 61 katika hesabu ya Kilatini, aliwaonyesha waamini mtu mmoja aliyesimama kati yao. Alikuwa Mkristo aliyepotea na kuwa mnajimu kwa muda mrefu, akadanganywa na kuwadanganya wengi. Alikuwa amebisha mlango wa Kanisa kwa muda, akingojeshwa kwanza ili toba yake ipimwe, na sasa amepokewa. Mikononi alileta vitabu vyake vichomwe moto, kama walivyofanya watu wa Efeso katika Matendo ya Mitume. Askofu aliwaomba waamini wamlinde, wamtazame na kumpenda, asirudi alikotoka. Bila shaka, alipomwangalia mtu yule, Augustino alikumbuka vitabu vyake mwenyewe.

Majina yaliyoandikwa mbinguni

Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, wakati jeshi la Wavandali likiuzingira mji wa Hippo. Alikuwa ameagiza Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani ili azisome akiwa kitandani, akalia na kusali. Hakuacha wosia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliacha mapadre, watawa wanaume na wanawake, na maktaba ya vitabu. Jina alilolitafuta kijana wa Karthago alilipata baada ya kuacha kulitafuta, na limedumu karibu miaka 1600.

Tukiuliza ni nini kilichomfikisha huko, kwanza ni neema ya Mungu, ambayo aliitetea hadi siku zake za mwisho. Na neema hiyo ilimjia kupitia mikono ya watu: mfuko wa Romanianus uliolipia masomo, ushauri wa Vindicianus, ucheshi wa Nebridius, subira ya Ambrosi, machozi ya Monika. Tunapomwona kijana wa parokia yetu amekwama, tusimwambie kwamba nyota yake imefunikwa. Tumuulize kama amelipiwa ada, kama amekula, kama yuko mtu mzima anayemsikiliza. Fedha inayopelekwa kwa msafisha nyota ingeweza kuwa mfuko wa Romanianus kwa mtoto wa jirani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inatufundisha kwamba kutazamia nyota, unajimu, kusoma viganja na ramli ya kila aina hupingana na heshima na uchaji tunaopaswa kumpa Mungu peke yake. Aliyeanguka humo asikate tamaa. Mlango uliofunguliwa kwa mnajimu wa Hippo uko wazi katika Sakramenti ya Kitubio.

Bwana wetu Yesu Kristo aliwaambia wanafunzi wake waliorudi na sifa za ushindi wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Mtumwa aliyezaliwa saa moja na Firminus hakuachiwa jina katika kitabu chochote cha dunia hii, lakini Mungu aliyemuumba analijua. Mtakatifu Augustino atuombee tuipokee siku ya kuzaliwa kwetu kama zawadi, siku ya ubatizo wetu kama wito, na kila siku iliyobaki kama nafasi ya kuitikia.